Kubadili Mipangilio ya Kompyuta kwa Skripti: Somo Pamoja na Kosa Langu

Kila mwaka kurasa za jarida hili hujaa mashairi, vitendawili na insha za kusisimua, nami nimezifurahia tangu nikiwa Kidato cha Kwanza. Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kimeniomba niandike somo la kompyuta. Nilipouliza, "Kompyuta na Kiswahili wapi na wapi?" mlezi wa chama alinijibu kwamba lugha isiyotumika kazini hubaki ya kuimbia harusini tu. Sikuwa na la kujibu. Nikachukua kalamu.

Iko na sababu ya pili, nayo ni nzito. Muhula uliopita nilifanya kosa katika maabara yetu ya kompyuta, kosa la tarakimu mbili tu, likampotezea mwenzetu kazi ya siku tatu. Wengi mlisikia habari hiyo nusu nusu. Wengine waliambiwa ati ni virusi, wengine wakaambiwa ni umeme. Hapa nitaieleza kama ilivyokuwa, kisha nitafundisha njia iliyo sawa, ili atakayepokea ufunguo wa maabara baada yangu asije akaangukia shimo lilelile.

1. FAILI LA MIPANGILIO NI NINI?

Programu nyingi za kompyuta zinapoanza kazi husoma kwanza faili dogo la maandishi. Humo ndani mmeandikwa mambo ambayo programu haiwezi kuyajua yenyewe: seva iko wapi, lugha itakayotumika ni ipi, karatasi ya kuchapishia ni ya kipimo gani. Faili hilo ndilo tunaloliita faili la mipangilio. Katika mfumo wa Linux, ambao ndio tunaoutumia maabarani, mengi ya mafaili haya hukaa katika folda iitwayo /etc.

Letu sisi ni fupi sana. Linaitwa /etc/maabara.conf, na kila kompyuta kati ya zile 14 inalo lake. Lilikuwa hivi:

    # Mipangilio ya maabara
    SEVA=192.168.1.10
    LUGHA=en_US.UTF-8
    DAKIKA=10
    KARATASI=A4

Mstari unaoanza na alama # ni maelezo kwa binadamu. Programu yetu huuruka. Mistari mingine ina sehemu mbili. Kushoto kwa alama ya sawasawa pana jina, na kulia pana thamani. SEVA ni anwani ya kompyuta kubwa iliyo pembeni mwa chumba, ile tunayohifadhia kazi zetu. DAKIKA ni muda: kila baada ya dakika hizo, kompyuta hunakili kazi ya mwanafunzi na kuipeleka kwenye seva. Kwa hiyo hata mashine ikiharibika, kazi haipotei. Angalau ndivyo ilivyokusudiwa.

2. SHELI, SKRIPTI NA SED

Sheli ni programu inayopokea amri zako kwa maandishi na kuzifikisha kwenye mfumo. Unaandika amri, unabonyeza Enter, inatekelezwa. Sheli aliyoiandika Stephen Bourne ilitoka pamoja na mfumo wa Unix mwaka 1979. Brian Fox akaandika nyingine iitwayo bash mwaka 1989, na hiyo ndiyo utakayokutana nayo katika kompyuta nyingi za Linux. Linux yenyewe ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland. Tuzingatie hilo: alikuwa mwanafunzi.

Skripti ni faili lenye amri za sheli zilizopangwa kwa mfuatano. Badala ya kuandika amri 10 kila siku, unaziandika mara moja katika skripti, kisha unaiita kwa jina lake.

Sed nayo ni programu ya kuhariri maandishi bila kuyafungua kwenye skrini. Aliiandika Lee McMahon wa Bell Labs, Marekani, katika miaka ya 1973 na 1974. Unaiambia, "Kila mstari wenye hiki, weka kile," nayo hupita mstari baada ya mstari mpaka mwisho. Amri yake kuu ni herufi s, ikifuatwa na kinachotafutwa na kinachowekwa mahali pake, vikitengwa kwa mkwaju:

    sed 's/zamani/mpya/' faili

Ukiiandika hivyo, sed haigusi faili. Inakuonyesha tu kwenye skrini jinsi ambavyo lingekuwa. Ukiongeza -i, inalibadilisha faili lenyewe. Shikeni tofauti hiyo vizuri, maana tutairudia.

Faida yake ni nini? Hebu fikiri una mashine 14. Kwa kila moja ufungue faili, utafute mstari, ubadili, uhifadhi, ufunge. Ukifika ya 9 macho yamechoka, na ya 12 umeiruka bila kujua. Skripti haichoki wala hairuki. Lakini jambo hilohilo ndilo hatari yake: ukiiamuru vibaya, itakosea mara 14 bila kuchoka.

3. KOSA LANGU

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, saa 9 alasiri. Mtandao wa maabara ulikuwa unajikokota kama punda mwenye mchanga mgongoni. Mwalimu akaniambia, "Hebu punguza huko kunakili. Badala ya kila dakika 10, weka 20." Mimi kiranja wa maabara, sifa zikanipanda kichwani. Wenzangu watatu walikuwa nyuma yangu wakitazama. Nikaandika amri hii, nikaizungusha kwa mashine zote:

    sed -i 's/10/20/' /etc/maabara.conf

Haikuchukua hata dakika moja. Nikafungua faili la mashine ya kwanza, nikaona DAKIKA=20, nikafunga. Mwenzangu mmoja akanipigia makofi.

Msomaji, kabla hujaendelea, rudi kwenye faili letu hapo juu ulitazame tena. Tarakimu 10 ziko mahali pangapi?

Ziko mahali pawili. Ziko kwenye DAKIKA, na ziko mwishoni mwa anwani ya SEVA. Mimi niliiambia sed itafute 10, ikatafuta 10. Kila mstari ilioikuta iliweka 20. Kwa hiyo 192.168.1.10 ikawa 192.168.1.20, anwani isiyokuwa na mashine yoyote. Kuanzia dakika hiyo kompyuta zote 14 zilikuwa zinapeleka kazi za wanafunzi pasipo na mtu wa kuzipokea.

Baya zaidi ni kwamba hapakuwa na kelele. Skrini hazikubadilika. Kila mashine iliandika katika kumbukumbu zake za ndani kwamba seva haipatikani, lakini nani alikuwa anazisoma? Mtandao kweli ukawa mwepesi, maana hapakuwa na kitu kinachosafiri. Mwalimu akanisifu.

Alhamisi asubuhi diski ya mashine moja ikafa. Haikuwaka tena. Aliyekuwa akiitumia ni mwenzetu wa Kidato cha Nne, naye alikuwa anaandika mradi wake wa Somo la Kompyuta. Wanaolichukua somo hilo wanajua: mradi ndio karatasi ya tatu ya mtihani wa KCSE, nao una tarehe ya mwisho. Mwalimu akasema, "Usijali, nakala iko kwenye seva." Tukafungua seva. Nakala ya mwisho ilikuwa ya Jumatatu mchana.

Mwenzetu hakulia. Alikaa tu akaitazama ile skrini.

Wote waliamini ni diski iliyomaliza kila kitu, na hakuna aliyenishuku. Mimi mwenyewe sikujishuku mpaka jioni, nilipoketi peke yangu maabarani nikaandika:

    grep '10\|20' /etc/maabara.conf

Amri ya grep hutafuta maneno ndani ya faili na kukuonyesha mistari yanamopatikana. Ikanionyesha mistari miwili, na wa kwanza ulikuwa SEVA=192.168.1.20. Nilihisi damu imeganda.

Sitawaficha. Nilifikiri kurekebisha kimya kimya na kwenda zangu. Ingechukua dakika moja na hakuna ambaye angejua. Lakini mashine 13 zilikuwa na kazi za watu wengine, na mwalimu alihitaji kujua kwamba zote zilikuwa hazina nakala tangu Jumatatu. Kama nyingine ingekufa usiku ule, ningekuwa mwizi wa mara ya pili. Nikaenda nikamwambia mwalimu, kisha nikamtafuta mwenzangu bwenini nikamwambia yeye pia. Siku mbili hakunisemesha, na haki yake. Siku ya tatu aliniita. Jioni tano tulikaa pamoja, mimi nikimsomea rasimu iliyokuwa katika daftari lake, yeye akiandika kwa mikono yake, kwa kuwa kazi ya mtihani ni ya mtahiniwa mwenyewe. Aliiwasilisha kwa wakati, alhamdulillahi.

4. NJIA ILIYO SAWA: TAJA JINA, USITAJE THAMANI

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta thamani. Thamani huweza kufanana na nyingine. Jina ni la pekee. Kwa hiyo tafuta mstari kwa jina lake, kisha badili chochote kilichoko baada ya alama ya sawasawa. Amri iliyo sawa ni hii:

    sed 's/^DAKIKA=.*/DAKIKA=20/' /etc/maabara.conf

Tuifafanue kipande kwa kipande.

(a) Alama ^, tunayoiita kofia, ina maana ya "mwanzo wa mstari". Bila hiyo, mstari wa NUSU_DAKIKA=10 nao ungebadilishwa, na hata maelezo yaliyotanguliwa na #.

(b) Nukta ina maana ya "herufi yoyote moja".

(c) Nyota ina maana ya "kile kilichonitangulia, mara yoyote, hata sifuri". Kwa hiyo nukta na nyota pamoja ni "chochote mpaka mwisho wa mstari". Thamani ya zamani ikiwa 10, 15 au hata ikiwa tupu, amri itafanya kazi ileile.

Amri hii ina faida nyingine. Ukiiendesha mara mbili au mara 10, matokeo ni yaleyale: DAKIKA=20. Ilinganishe na mtu anayeongeza mstari mpya mwishoni kwa echo na alama >>. Akiiendesha mara tatu atakuwa na mistari mitatu ya DAKIKA, na programu itabaki ikishangaa ifuate upi.

5. MITEGO MINNE YA KUJIHADHARI NAYO

Mtego wa kwanza ni nukta. Ukitafuta 192.168.1.10 bila tahadhari, sed huona kila nukta kuwa ni herufi yoyote. Tena itaikubali hata 192.168.1.100, kwa kuwa mwanzo wake unafanana. Ukitaka nukta halisi, itangulize mkwaju uliopinda nyuma, hivi: \. Na ukitaka mstari uishie hapo, weka alama ya dola mwishoni, $, yenye maana ya "mwisho wa mstari".

Mtego wa pili ni mkwaju. Thamani ikiwa ni njia ya folda kama /home/kazi, mikwaju yake itachanganyika na mikwaju ya sed, nayo itakataa. Dawa ni rahisi: sed inakubali kitenganishi kingine. Tumia alama | badala yake.

    sed 's|^FOLDA=.*|FOLDA=/home/kazi|' faili

Mtego wa tatu ni alama &. Katika upande wa kulia, sed huielewa kuwa "yote niliyoyapata". Ukiandika Ushairi & Insha kama thamani, utashangaa kuona mstari wa zamani umejipenyeza katikati. Andika \& ukiitaka alama yenyewe.

Mtego wa nne ndio unaouma kuliko yote. Mtu hujiambia, "Sitaki -i, nitaelekeza matokeo kwenye faili lilelile":

    sed 's/^DAKIKA=.*/DAKIKA=20/' maabara.conf > maabara.conf

Usijaribu! Sheli hulifungua faili la kulia na kulifuta kabla sed haijaanza kusoma. Sed ikija inakuta faili tupu, na unabaki na faili tupu. Matokeo yaandike kwenye faili jingine, kisha ulibadilishe jina.

6. FUNZO KUTOKA MATONDONI

Hapa nitoke kidogo nje ya maabara. Ami yangu ni fundi wa majahazi kule Matondoni. Baada ya mkasa wangu nilikwenda kumsaidia wakati wa likizo, akiwa anabadili ubao mmoja uliooza ubavuni mwa mashua. Nikaona amepima, amechonga, amejaribisha ubao mpya kando, na ule mbovu bado uko mahali pake. Nikamuuliza mbona hautoi kwanza upate nafasi. Akacheka. "Ukiutoa wa kae kwanda, kisha mpya usikae, utaziba mai na nini?"

Ndivyo na mafaili. La zamani lisiondoke mpaka jipya liwe tayari, limetazamwa, limekubaliwa. Skripti ninayowapa hapa chini inafuata mpango huo.

7. SKRIPTI KAMILI

Iandikeni kwa jina la badili.sh:

    #!/bin/sh
    # Hubadili thamani moja katika faili la mipangilio
    # Matumizi: sh badili.sh JINA THAMANI FAILI

    if [ $# -ne 3 ] || [ ! -f "$3" ]; then
        echo "Matumizi: sh badili.sh JINA THAMANI FAILI"
        exit 1
    fi

    jina=$1
    mpya=$2
    faili=$3

    idadi=$(grep -c "^$jina=" "$faili")
    if [ "$idadi" -ne 1 ]; then
        echo "Mistari ya $jina ni $idadi. Sigusi kitu."
        exit 1
    fi

    cp -p "$faili" "$faili.zamani" || exit 1
    cp -p "$faili" "$faili.mpya" || exit 1
    sed "s|^$jina=.*|$jina=$mpya|" "$faili" > "$faili.mpya" || exit 1

    diff "$faili.zamani" "$faili.mpya"
    echo "Umeridhika? Andika ndiyo:"
    read jibu

    if [ "$jibu" = "ndiyo" ]; then
        mv "$faili.mpya" "$faili"
        echo "Tayari."
    else
        rm "$faili.mpya"
        echo "Nimeacha kama lilivyokuwa."
    fi

Sasa maelezo yake. Sehemu ya kwanza inahakikisha kwamba umeipa mambo matatu na kwamba faili lipo. Sehemu ya grep -c inahesabu mistari yenye jina hilo. Kama ni sifuri, huenda umekosea tahajia. Sed ingepita kimya na wewe ungedhani imefanya kazi. Kama ni miwili au zaidi, kuna jambo usilolijua. Katika hali zote mbili skripti inakataa na kukuambia.

Kisha tunanakili mara mbili. Nakala ya .zamani ni akiba ya kurudia. Ile ya .mpya tunaitengeneza kwa cp -p kwanza ili ichukue ruhusa zilezile za faili la asili, halafu ndipo sed inaijaza.

Amri ya diff ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Huonyesha mistari iliyotofautiana tu, ya zamani ikiwa na alama < na mpya ikiwa na alama >. Kama ningekuwa nayo siku ile ya Jumatatu, ningeona mistari miwili imebadilika badala ya mmoja, na kosa lingenirukia machoni.

Mwisho kabisa ni mv, yaani kubadili jina. Kwa kuwa mafaili yote mawili yako katika folda moja, tendo hilo hufanyika kwa mkupuo mmoja. Umeme ukikatika, nasi tunaujua umeme, programu haitakuta faili lililoandikwa nusu.

Tahadhari moja: skripti hii inatumia | kama kitenganishi, kwa hiyo thamani yako isiwe na alama hiyo wala &.

8. KUZIFIKIA MASHINE ZOTE

Jaribu kwanza kwenye mashine moja, tena isiyo na kazi ya mtu. Ukisharidhika, na mwalimu akisharuhusu, ndipo uzunguke. Mashine zetu zina anwani zinazoishia 101 mpaka 114, na zote zina mtumiaji aitwaye msimamizi:

    for n in $(seq 101 114); do
        echo "Mashine $n"
        scp -q badili.sh msimamizi@192.168.1.$n:/tmp/
        ssh -t msimamizi@192.168.1.$n \
          "sudo sh /tmp/badili.sh DAKIKA 20 /etc/maabara.conf"
    done

Amri ya ssh hukuingiza katika mashine nyingine kupitia mtandao kana kwamba umeketi mbele yake. Utaulizwa swali la ndiyo mara 14. Wenzangu wamenicheka kwamba huo ni ushamba, mtu angeweza kuliondoa hilo swali. Ni kweli angeweza. Mimi silitoi.

Tena kazi haiishii hapo. Nilipotazama faili nikaona DAKIKA=20, nilidhani nimehakikisha. Nilikuwa nimetazama nilichokibadili, sikutazama kinachotegemewa. Siku hizi nikimaliza hungoja dakika 20, kisha naenda kwenye seva kuona kama nakala mpya za mashine zote 14 zimefika, na za saa ngapi. Nakala zikifika, basi mipangilio ni sawa.

9. KOMPYUTA IKISEMA KISWAHILI

Naja sasa kwenye ombi la Chama chetu. Mlitaka kujua kama kompyuta za maabara zinaweza kutumia Kiswahili. Zinaweza, na kazi hii haikuanza jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya Kiswahili iitwayo Jambo OpenOffice. Na Linux yenyewe ina mipangilio ya Kiswahili ya nchi mbili: sw_KE ya Kenya na sw_TZ ya Tanzania.

Katika mifumo ya Debian na Ubuntu, lugha zote zimeorodheshwa katika faili la /etc/locale.gen, lakini nyingi zimefungwa kwa alama #. Kuifungulia lugha ni kuiondoa alama hiyo. Basi hapa tunaitumia sed kwa kazi tofauti kidogo. Kwanza tunatazama:

    grep 'sw_KE' /etc/locale.gen

Tukiuona mstari wa # sw_KE UTF-8, tunaufungua, tukihifadhi akiba kwa kuandika -i.zamani badala ya -i tupu:

    sudo sed -i.zamani 's/^# *sw_KE UTF-8/sw_KE UTF-8/' /etc/locale.gen
    sudo locale-gen

Kisha tunaiuliza leo ni siku gani:

    LC_TIME=sw_KE date +%A

Nilipoijaribu mbele ya wanachama, ikajibu: Ijumaa. Watu wakashangilia kana kwamba mashua yetu imeshinda mashindano. Aliyeshangilia zaidi ni yule mwenzangu aliyepoteza siku tatu. Aliniomba nimwandikie amri ile katika daftari lake, nami nikamwandikia pamoja na grep inayoitangulia.

10. KUMBUKUMBU NA ZOEZI

Ili msisahau, nimeziweka hatua katika ubeti mmoja. Washairi wa chama wanisamehe:

Kwanza kabisa nakili, nakala yake uweke,
Mstari wote kamili, mwanzo na mwisho ushike,
Jaribu kwanza kivuli, kosa lako lijulike,
Ndipo uandike kweli, mashine zibadilike.

Sasa jipimeni kwa maswali haya:

(i) Faili lina mistari BEI=50 na BEI_JUMLA=50. Amri ya sed 's/BEI.*/BEI=60/' itafanya nini? Irekebishe.

(ii) Andika amri ya kubadili LUGHA iwe sw_KE.UTF-8 katika faili letu, bila kuligusa faili lenyewe.

(iii) Skripti ya badili.sh inafanya nini ukiandika dakika kwa herufi ndogo? Kwa nini ni afadhali ifanye hivyo?

(iv) Eleza kwa maneno yako kwa nini sed haiwezi kuandika matokeo kwenye faili lilelile kwa alama >.

Atakayekwama anitafute maabarani siku yoyote baada ya masomo.

Kwa kumalizia, namshukuru mwalimu wetu ambaye, nilipokwenda kukiri, hakuninyang'anya ufunguo. Aliniambia niandike kwenye karatasi nilichokosea na jinsi ya kukizuia, nikibandike ukutani juu ya seva. Karatasi hiyo ingali pale, nayo ndiyo iliyozaa makala haya. Kiranja ajaye ataikuta. Naomba asiibandue.

Wasalaam.

Ni mimi wenu,
Kiranja wa Maabara ya Kompyuta, Kidato cha Nne.